Mpira Uliooshwa kwa Petroli

Mwezi wa Juni hapa Karatu asubuhi ni baridi tupu. Ukungu hushuka mpaka mlangoni, moshi wa jikoni ukachanganyika nao, usijue upi ni upi. Nyumba yetu ipo pembeni ya mji, kando ya barabara ya vumbi jekundu iendayo Oldeani. Siku za likizo mjukuu wangu Clara huamka, hufungulia kuku, hufagia uwanja, kisha humpelekea babu yake chai kwenye kigoda kando ya ukuta wa jikoni, mahali ambapo jua hufika kwanza.

Babu yake ni mume wangu, Mzee Zablon. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa matrekta katika shamba moja la kahawa kule Oldeani. Sasa macho yake yameingia ukungu usioondoka hata jua likitoka. Huona mwanga na kivuli, basi. Lakini masikio yake na vidole vyake, jamani! Pikipiki ikipita barabarani, yeye hupiga funda la chai na kusema, "Huyo mnyororo wake umelegea. Mlimani utamtoka." Jioni tunapata habari kwamba kweli ulitoka.

Clara ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Baba yake, Godson, ni dereva wa watalii, na siku ninazosimulia alikuwa safarini. Mama yake, Margareth, ni mtaalamu wa mifugo. Leo yuko Oldeani, kesho Endamarariek, anachanja mbuzi, ng'ombe na kuku, na popote aendapo huenda kwa pikipiki. Watu wa kijijini wakiusikia mlio wake wanasema, "Daktari huyo!" na watoto wanakimbilia njiani.

"Kitendawili!" niliwaambia Alhamisi moja jioni, tukimsubiri arudi.

"Tega!" wakaitikia Clara na babu yake.

"Anakunywa petroli, anakula vumbi, ananibebea mwanangu."

"Pikipiki!" Clara akapiga kelele. Huyu mtoto hamalizi hata kusikiliza, jibu limeshamtoka. Na kweli, mlio wa pikipiki ukasikika, mama yake akaingia uwanjani akiwa mwekundu kwa vumbi tangu kofia hadi viatu.

Clara alikuwa wa kwanza kuona. "Mama, gurudumu la mbele linatoka jasho."

Babu yake akainuka, akapapasa mpaka akafika kwenye gurudumu. Akagusa kalipa, yaani kile chuma kinachoikumbatia diski ya breki na kuibana ili pikipiki isimame. Akasugua kidole kwa kidole, akanusa. Kisha akaubana mkono wa breki.

"Hili si jasho. Ni mafuta ya breki yanavuja," alisema. "Mkono unazama kama kijiko kwenye uji. Margareth, umeshukaje mlimani leo?"

"Nilitumia breki ya nyuma, Baba. Nikaomba Mungu."

"Mungu amekusikia leo. Kesho mpumzishe."

Lakini tatizo lilikuwa Jumamosi. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umeingia katika kitongoji kimoja jirani na Endamarariek, na kuku walikuwa wakifa mabanda mazima. Margareth alikuwa amepeleka taarifa kwamba Jumamosi alfajiri kila mtu asifungulie kuku wake mpaka yeye afike na chanjo. Kuku wakishatoka bandani, utamkamata nani? Na njia ya kwenda huko ina mteremko mkali wa changarawe, chini yake daraja jembamba lisilo na kingo. Hapo bila breki ya mbele hufiki.

Ijumaa asubuhi Margareth akanunua mjini vitu vitatu: pedi mpya za breki, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zimelowa mafuta; mipira miwili mipya ya pistoni; na chupa ndogo ya mafuta ya breki. Kisha, kabla ya kwenda kazini kwa miguu, akamtazama baba mkwe wake.

"Baba, utaweza?"

"Mikono ninayo," akajibu Mzee Zablon. "Macho nitaazima ya Clara."

Wajukuu zangu, laiti mngewaona wawili hao wakifanya kazi. Clara alitandika gunia safi, akapanga spana kwa ukubwa. Babu hakuwa na haja ya kuona. Alinyoosha mkono tu na kusema, "Kumi na mbili," na Clara akamwekea spana namba kumi na mbili kiganjani. Kila bolti iliyotoka Clara aliiweka mahali pake, akisema kwa sauti imetoka wapi.

"Nani alikufundisha kuzitaja?" babu akamuuliza.

"Hakuna. Naogopa kusahau."

"Hofu hiyo ni nzuri. Itunze."

Walimimina mafuta ya zamani kwenye chupa, nami nikafunga kitambaa chekundu shingoni mwake ili mtu asije akadhani ni soda, maana mafuta yale ni sumu. Kisha babu akafunika kalipa kwa kitambaa kinene, akamwambia Clara asukume hewa kwa pampu ya baiskeli. Clara akasukuma mara moja, mara mbili. Paf! Pistoni ikaruka ndani ya kitambaa. Ni kipande cha chuma cha mviringo, mfano wa kikombe kidogo. Clara akacheka kwa furaha, kuku wakatawanyika.

"Sasa angalia ndani," babu akasema. "Kuna mifereji miwili. Mpira wa ndani unazuia mafuta yasitoke. Wa nje unazuia vumbi lisiingie. Unaona nini?"

"Matope meusi, Babu. Yamekauka kama ukoko wa ugali."

"Hapo ndipo palipovuja. Vumbi letu hili likikaa kwenye mfereji, mpira haukai sawa. Chokoa kwa kijiti. Usitumie chuma, kitakwaruza."

Clara akachokoa, akasugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, akakausha. Ilimchukua saa nzima. Babu akaingiza kidole kidogo katika mfereji, akakizungusha pole pole na kutabasamu. "Hapa hata mimi wakati wangu nisingesafisha zaidi." Alipoyasema hayo, niliona shingo ya Clara inarefuka kwa majivuno mema.

Saa saba nikamwita mzee aje ale makande na ameze dawa zake za presha. Akajikuna kidevu.

"Clara, nisubiri. Bolti unaweza kuziosha kwa petroli ile kwenye kopo. Mipira mipya usiiguse mpaka nirudi. Mpira wa breki hauogi petroli, unaoga mafuta ya breki yale yale utakayofanyia kazi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Babu."

Yaliyofuata sikuyaona. Clara mwenyewe alinisimulia baadaye.

Nosim alikuwa amekuja kumtazama. Nosim ni rafiki yake wa darasani, mtoto wa Kimasai kutoka Endulen, anayekaa jirani yetu kwa kaka yake Lembris ili asome. Lembris ni dereva wa bodaboda. Nosim akachuchumaa kando ya gunia, mikono mashavuni.

"Weee, una mikono kama dereva wa lori!"

"Na wewe una mdomo kama redio," Clara akamjibu. "Subiri uone. Babu akirudi atakuta nimeshafunga kila kitu."

"Si amekuambia usubiri?"

"Nataka ashangae."

Clara akaifungua pakiti ya mipira, akautoa ule wa ndani. Ni mwembamba, mweusi, unateleza kama samaki. Ukamponyoka, ukaanguka kwenye vumbi. Akaruka kuudaka, na kiwiko chake kikaipiga ile chupa ya mafuta ya breki. Kabla hajaiinua, zaidi ya nusu ilikuwa imenywewa na ardhi.

"Mama yangu!" Clara akashika kichwa. Mafuta yaliyobaki yangetosha tu kujaza kikombe cha mafuta ya breki pale kwenye usukani na kutoa hewa. Na mpira wenyewe ulikuwa mwekundu kwa vumbi kama mandazi yaliyoangukia njiani.

"Si uoshe kwa hiyo petroli?" Nosim akasema. "Kaka Lembris huosha kila kitu kwa petroli. Mnyororo, plagi, hata mikono yake. Mbona vinang'aa?"

"Babu amekataza."

"Babu yako yuko ndani anakula. Ukiuosha haraka na kuufuta, nani atajua?"

Clara akautazama mpira, akautazama mlango. Kisha akautumbukiza kwenye kopo la petroli, akausugua, ukatoka unang'aa. Akapafukia kwa majivu mahali mafuta yalipomwagika, akaitikisa chupa kwa wasiwasi, akamwambia Nosim, "Usiseme."

"Mimi tena?" Nosim akasema, akaondoka.

Babu aliporudi, mipira yote miwili ilikuwa imekwisha kukaa kwenye mifereji yake, na pistoni iko ndani.

"Hukunisubiri," babu akasema. Hakukasirika sana. "Mipira uliiosha kwa mafuta ya breki?"

Clara anasema moyo wake ulipiga mpaka akaogopa babu atausikia, maana babu husikia kila kitu.

"Ndiyo, Babu."

"Mbona nanusa petroli?"

"Ni kopo la bolti."

"Haya," babu akasema.

Wakafunga pedi mpya, wakarudisha kalipa kwenye diski, wakajaza mafuta. Wakaanza kutoa hewa, kazi ya watu wawili. Clara alibana mkono wa breki, babu akishika spana chini kwenye nati ya kutolea hewa, na bomba jembamba la plastiki likipeleka mafuta kwenye chupa.

"Bana!"

"Nimebana."

"Nafungua. Unaona mapovu?"

"Mengi, Babu."

"Nimefunga. Achia. Bana tena!"

Wakaendelea hivyo hadi bomba likawa halina hata povu moja. Mkono wa breki ukawa mgumu. Babu akanyanyua gurudumu la mbele kwa gogo na kumwambia Clara alizungushe. Likazunguka mara moja na nusu, likasimama.

Babu akakunja uso. "Linagoma kidogo." Akaweka kidole juu ya kalipa. "Labda ni pedi mpya, bado hazijazoea diski."

Clara akaanza kukusanya spana.

Jioni ile sifa zilimwagika kama mvua ya masika. Margareth aliporudi na kuubana mkono wa breki, akamkumbatia mwanawe mpaka miguu ikaning'inia. Lembris alisimamisha bodaboda yake langoni makusudi.

"Takwenya, koko," akanisalimia kwa Kimasai, kama amsalimiavyo bibi yake.

"Iko," nikaitikia. Salamu hiyo amenifundisha mwenyewe.

"Yuko wapi Injinia? Nasikia siku hizi mafundi wa mjini wafunge vibanda, kuna binti anawanyang'anya wateja!"

Watu wakacheka. Clara akaingia ndani.

Baada ya chakula nikachunguza mambo kwa njia yangu. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia, ila Clara midomo tu ilicheza.

"Nina rafiki, hanisukumi wala hanivuti, lakini asipoitika ninapomwita, sifiki niendako."

Margareth akamtazama binti yake, akingoja. Mwishowe akajibu yeye, "Breki." Mimi nikajua kuna jambo. Mtoto aliyeshinda siku nzima na breki mikononi akose kuijua? Lakini sikumwuliza mbele ya watu. Nilimwambia tu, wakati anatandika kitanda, "Ukiwa na neno, mimi nipo." Akajifunika shuka mpaka kichwani.

Alfajiri, saa kumi na moja hivi, Margareth alikuwa tayari. Amevaa koti zito, kisanduku cha barafu chenye chupa za chanjo kimefungwa vizuri kwa mpira nyuma ya kiti. Akapapasa mfukoni.

"Ufunguo wangu nimeuweka wapi?"

"Ninao mimi," sauti ikatoka mlangoni.

Clara alikuwa amesimama pale bila viatu, kwenye baridi ile, ufunguo ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Clara, kuku wa watu wamefungiwa. Lete."

"Mama, usiende na hiyo pikipiki."

"Kwa nini?"

Ndipo alipolia. Lakini alilia huku akisema, na hilo ndilo ninalomsifia mpaka leo. Wengine hulia ili wasiseme. Alisema hakumsubiri babu, mpira ulianguka, mafuta yalimwagika, akaosha kwa petroli na babu alikuwa amekataza. Akasema alipoulizwa alidanganya mara mbili. "Na gurudumu lilipogoma nilijua si pedi," akamalizia. "Watu walikuwa wananisifia nikashindwa kusema. Nimeota uko kwenye daraja, Mama."

Margareth akakaa juu ya ngazi ya mlango, kofia ya pikipiki mapajani.

"Ule mteremko unaujua?" akauliza taratibu.

"Naujua."

"Ningekuwa nausalimia baada ya nusu saa. Na nisingekuwa na sababu ya kuiogopa breki hii, kwa sababu wewe uliniambia ni nzima." Akashusha pumzi. "Umesema kabla sijawasha. Asante. Hasira zangu nitarudi nazo mchana, sasa kuku wanasubiri. Mama, naomba umwite Lembris."

Sikuvaa hata kanga vizuri. Lembris alitoka nje akipiga miayo, blanketi jekundu begani, lakini aliposikia habari yenyewe usingizi ulimtoka. Pikipiki yake ni ya aina ya zamani, ina breki za ngoma, haina diski wala kalipa. Ndiyo maana hakuwahi kuona petroli inavyoharibu mipira ya breki.

"Kwa hiyo leo mimi ndiye nabeba dawa za serikali!" akasema, akihamisha kisanduku. "Mama Clara, panda. Kuku wa Endamarariek hawatakufa nikiwa hai."

"Nenda polepole, baba," nikamwambia.

"Koko, hii haijui kwenda haraka hata nikiiomba."

Wakaondoka, taa nyekundu ikamezwa na ukungu. Tukabaki uwanjani Clara, mimi na Mzee Zablon, aliyekuwa ameegemea mlango muda wote akisikiliza.

"Babu, nipige," Clara akasema.

"Nikupige nikose fundi? Leta gunia."

Wakaifungua tena kalipa jua likichomoza. Kando ya pistoni, mafuta yalikuwa yameanza tena kutoa duara jembamba la unyevu. Kwa usiku mmoja tu, pikipiki ikiwa imesimama! Clara akautoa ule mpira. Haukutaka kutoka, ulikuwa umejibana mferejini. Saa mbili duka lilipofunguliwa nikamtuma Clara, akaja na mipira mingine na chupa nyingine ya mafuta.

"Funga macho," babu akamwambia. Akamwekea mpira wa jana kiganja cha kushoto, mpya kiganja cha kulia. "Uone kama ninavyoona mimi."

Clara akapapasa, macho amefumba. "Huu wa kushoto umenenepa. Ni laini kama mkate uliolowa chai."

"Petroli imeuvimbisha. Mpira huu ndio unaoirudisha pistoni nyuma ukiachia breki. Ukivimba, pistoni inakwama, gurudumu linagoma, diski inapata moto. Baadaye unachanika, na mafuta yote yanatoka kwa mara moja. Mlimani, Clara. Hautachanika ukiwa nyumbani umekaa."

Clara akafumbua macho yamejaa maji.

"Na mimi nina neno langu la kusema," babu akaendelea. Aliitoa kofia yake ya sufu, akaiweka gotini. "Gurudumu lilipogoma, kidole changu kiliniambia kuna kosa. Nilisikia harufu ya petroli kwenye mpira, si kwenye kopo. Mimi ni fundi wa miaka thelathini na mmoja. Lakini nilitaka sana mjukuu wangu asifiwe, nikajiambia ni pedi. Mama yako akirudi nitamwambia na hilo."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka arobaini na sita. Sijawahi kumpenda kuliko asubuhi ile.

Kazi ya pili Clara aliifanya peke yake. Babu alikaa kigodani, mikono juu ya magoti, akisikiliza. Clara alitaja kila hatua kwa sauti kabla ya kuifanya. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Alimimina mafuta ya breki kidogo kwenye kisahani, akaosha mipira humo, akaipaka pistoni, akaisukuma kwa vidole gumba. Ikaingia taratibu, bila ubishi. Zile pedi, kwa kuwa unyevu haukuwa umezifikia, akazirudisha. Nosim alikuja akasimama mbali, anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Clara, mimi ndiye niliyekwambia petroli."

"Wewe ulisema. Aliyeosha ni mimi. Njoo unibanie mkono wa breki, babu apumzike."

"Nibane hivi?"

"Kwa nguvu, wewe! Unabembeleza mtoto?"

Wakacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu jana. Walipomaliza, Clara akazungusha gurudumu. Tukahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akabana breki, gurudumu likasimama hapo hapo.

Margareth alirudi saa saba mchana, amechoka, manyoya ya kuku kwenye nywele. Kuku mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamechanjwa, tone moja moja la jichoni, na hakuna banda hata moja lililofunguliwa kabla yake. Lembris akajisifu mpaka tukamnyamazisha kwa sahani ya wali.

Babu akasema lake kwanza, kofia mkononi. Margareth akamsikiliza mkwewe kwa heshima, akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia Clara. Akaniomba kofia ya pili ya pikipiki, ile ya Godson.

"Vaa," akamwambia binti yake. "Panda nyuma."

Clara akasita. "Twende wapi?"

"Kwenye kilima cha barabara ya Oldeani. Nataka kukishuka kwa pikipiki hii, na ninataka kukishuka nawe. Unaogopa?"

Clara akaitazama kalipa, akainama akaigusa kwa kidole. Kikavu. "Siogopi," akasema, akapanda.

Tuliwaona wakipanda juu mpaka wakawa wadogo, kisha wakageuka na kuanza kushuka. Nosim alinishika mkono. Katikati ya mteremko pikipiki ikapunguza mwendo, ikasimama wima kama mbuzi juu ya jiwe, ikaendelea, ikasimama tena. Mara tatu. Waliporudi uwanjani vumbi limewafunika, Margareth alikuwa anatabasamu. Na ile hasira? Ilikuwapo. Clara alipewa kufua makoti yote ya kazi ya mama yake kwa mwezi mzima, na hakunung'unika.

Jioni tukiwa tumekaa, babu akamvuta Clara karibu.

"Sikiliza, mama. Mwaka wangu wa pili kazini nilifunga gurudumu la trekta vibaya. Nilijua, nikaona aibu kusema. Dereva alivunjika mguu. Mpaka leo nikimwona anachechemea sokoni, nabadili njia. Kila fundi hukosea. Kosa la mkono hutengenezwa kwa spana, mradi lisemwe kabla mtu hajapanda. Ukilificha ili usifiwe, unamlipisha mtu mwingine. Jana ulipata sifa ukakosa usingizi. Leo umelala mchana nikakusikia unakoroma."

"Babu, sikoromi!"

"Kama trekta," babu akasema.

Margareth akacheka, kisha akamtupia Clara ufunguo wa pikipiki.

"Jumatatu naenda Oldeani. Kabla sijaondoka utaikagua breki na kuniambia ilivyo. Ukisema nzima, nitapanda. Ukisema mbovu, nitatembea kwa miguu, wala sitakugombeza."

Clara akaushika ufunguo, akaufunga kwenye kona ya kanga yake, mafundo mawili.

"Nitakuambia ilivyo, Mama."